Namba 56 iliyonidanganya: saizi ya fremu kwa baiskeli ya baridi

Fremu yangu ya kwanza ya majira ya baridi niliinunua kwa kusoma namba. Baiskeli yangu ya kiangazi ni 56, tangazo lilisema 56, nikalipa. Aliyeniuzia hakusema uongo. Alipima bomba la kiti na kweli likatoa sentimita 56. Lakini bomba la juu la fremu ile lilikuwa limeinama kuelekea kiti, na kwenye fremu za namna hiyo bomba la kiti huwa fupi kuliko ukubwa halisi wa baiskeli. Baiskeli yangu ya kiangazi inaitwa 56 kwa kipimo kingine kabisa, yaani urefu wa bomba la juu kama lingekuwa limelala sambamba na ardhi. Kwa kipimo hicho, ile niliyonunua ingekuwa 59 au 60.

Hayo niliyajua baadaye. Wiki ya kwanza nilijua tu kwamba shingo inauma na vidole viwili vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi. Nikasingizia baridi. Nikanunua glavu nene zaidi. Nikasogeza kiti mbele ili niufikie usukani, na magoti nayo yakaanza kulalamika. Usisogeze kiti kwa sababu usukani uko mbali. Mahali pa kiti huamuliwa na miguu na pedali, usukani ni hesabu nyingine.

Tuanze basi na kiti, maana ndicho rahisi. Ukishakuwa na baiskeli inayokukaa vizuri, nakili vipimo vyake: kutoka katikati ya ekseli ya pedali (ile inayopita kwenye fremu, ambayo mikono ya pedali huizungukia) hadi juu ya kiti, na kiti kimerudi nyuma ya ekseli hiyo kwa kiasi gani. Kama huna baiskeli ya kunakili, iko kanuni aliyoieneza Greg LeMond, bingwa wa Tour de France mara tatu. Pima kutoka kinenani hadi sakafuni ukiwa peku, zidisha kwa 0.883, hapo unapata urefu wa kiti. Kwangu mimi sentimita 84 zinatoa 74 na kidogo, na nilikuta nimekwisha kuufikia urefu huo kwa kujaribujaribu. Ila pima tena ukiwa umevaa viatu vya baridi na suruali nene, kwa sababu soli na soksi nzito huweza kudai kiti kiinuliwe milimita 2 au 3. Angalia pia pembe ya bomba la kiti. Kwa urefu wa kiti kama wangu, tofauti ya digrii 1 inakisogeza kiti milimita 13 hivi mbele au nyuma, na reli za kiti zina mwisho wake.

Sasa namba mbili zinazostahili muda wako. Wataalamu wa fremu huziita staki na richi. Zote zinaanzia katikati ya ekseli ya pedali na kuishia katikati ya mdomo wa juu wa bomba la usukani, lile bomba fupi la mbele ya fremu: staki ni umbali wa kwenda juu, richi ni wa kwenda mbele. Hazijali bomba limeinama au limelala, wala kiwanda kimeandika 56, M au L. Kama fremu iliyotumika haina jedwali la vipimo, chukua ya kwako mwenyewe. Simamisha baiskeli wima kwenye sakafu iliyo sawa, gurudumu la nyuma liguse ukuta. Pima kutoka ukutani hadi ekseli ya pedali, kisha kutoka ukutani hadi mdomo wa bomba la usukani. Toa ya kwanza kwenye ya pili, umepata richi. Fanya vivyo hivyo kutoka sakafuni, umepata staki. Ni kazi ya dakika 5, nami niliifanya baada ya kulipa.

Baiskeli yangu ya kiangazi ina staki ya milimita 570 na richi ya 385, washa (pete za kuinua usukani) za milimita 15 chini ya shingo ya usukani, yaani kipande kinachoushika usukani, na shingo yenyewe ina urefu wa milimita 110. Ile kubwa ilikuwa na staki 605 na richi 403. Nilipoondoa washa zote, usukani bado ulikuwa juu kuliko wa kiangazi kwa milimita 20, na mbali zaidi kwa 22. Kuurudisha mahali nilipoutaka kulidai shingo ya milimita 80. Nikaifunga. Maumivu yakapungua, lakini baiskeli ikawa inashtuka kila nikigusa usukani, na uzito wangu mwingi ukahamia nyuma. Kwenye lami yenye maji na majani yaliyooza, gurudumu la mbele lisilo na uzito wa kutosha halikupi imani yoyote. Shingo fupi ni dawa ya milimita 10, labda 20. Haigeuzi fremu kubwa kuwa ndogo.

Wengi hushauri kwamba fremu ya baridi iwe kubwa kwa saizi moja ili ukae wima. Sikubaliani nao. Ni kweli kwamba wakati wa baridi mgongo ni mgumu, nguo ni tabaka tatu, na gizani unataka kichwa kiwe juu uone barabara. Mimi huinua usukani milimita 10 hadi 15 na kuusogeza karibu kidogo, kama 10. Lakini saizi kubwa inakupa urefu wa kwenda juu pamoja na wa kwenda mbele, na huo wa pili hukuuomba. Unachotafuta ni fremu yenye staki kubwa na richi ileile au fupi zaidi, na hizo zipo: ni zile zilizochorwa kwa safari ndefu badala ya mashindano. Kumbuka pia kwamba kila washa ya milimita 10 inaurudisha usukani nyuma karibu milimita 3, kwa sababu bomba la usukani limelala nyuma.

Kwenda saizi ndogo nako kuna mtego wake, na mtego huo ni madigadi. Niliazima baiskeli ya mwenzangu aliye mfupi kuliko mimi, nikafunga viatu vyangu vya baridi, nikakata kona ya polepole. Ncha ya kiatu ikagonga digadi la mbele, nikalala chini mbele ya watu. Fremu ndogo ina nafasi finyu kati ya pedali na gurudumu la mbele. Ongeza digadi, tairi la milimita 32 na kiatu kinene, nafasi hiyo inakwisha. Kwa mwendo wa kawaida usukani haukati kiasi hicho, ila kwenye kona za taratibu na unapogeuza baiskeli barabarani unakata. Kabla ya kununua, panda ukiwa na viatu vyenyewe, weka pedali ya mbele sambamba na ardhi, kata usukani pole pole, uangalie. Kama digadi bado halijafungwa, acha upana wa vidole viwili. Uliza pia kama upana wa tairi unaotajwa ni pamoja na madigadi, maana mara nyingi si pamoja.

Kwa fremu iliyotumika, legeza nguzo ya kiti na kuizungusha kabla hujatoa pesa. Nguzo ya alumini ndani ya fremu ya chuma, baada ya majira kadhaa ya maji ya chumvi ya barabarani, hushikana kama iliyochomelewa. Hapo saizi yako ni urefu wa kiti wa mwenye nayo wa zamani.

Fremu ninayoendesha sasa ina staki 585 na richi 378. Kwa washa za 15 na shingo ileile ya 110, usukani uko juu kwa milimita 15 na karibu kwa 7 kuliko wa kiangazi. Kiwanda kinaiita 54. Bomba la uma, linalopanda ndani ya bomba la usukani hadi kwenye shingo, sijalikata bado, limetokeza juu ya shingo na washa mbili za ziada. Halipendezi. Nitalikata baridi ikiisha, nikishajua mgongo umeamua nini.