Mimba ina wiki ngapi? Mkunga anajibu maswali yenu

Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe 10 Machi. Muuguzi ameandika kwenye kadi kuwa nitajifungua 17 Desemba, programu ya simu inasema 15 Desemba. Nishike ipi? (Morogoro)

Shika yoyote, mdogo wangu. Muuguzi ametumia kanuni ya Franz Naegele, daktari Mjerumani wa zamani: unachukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, unaongeza siku 7, unarudi nyuma miezi 3. Simu yenyewe imehesabu siku 280 mojamoja, na kwa kuwa miezi hailingani urefu, ikaangukia tarehe 15. Siku mbili hizo hazina neno, maana watoto kama 4 au 5 tu katika kila 100 huzaliwa siku ileile iliyoandikwa. Kinachovuruga hesabu ni kingine: wengi wakiulizwa kliniki hutaja siku damu ilipokatika, ilhali tunataka siku ilipoanza.

Mimi ni dereva wa lori. Nilirudi nyumbani 2 Mei kutoka safari ndefu ya Kongo. Tarehe 20 Juni mke wangu akaambiwa mimba ina wiki 9. Mimi nikihesabu tangu nirudi napata wiki 7. Hizo wiki 2 ni za nani? (Tunduma)

Ndugu yangu, nakusihi usome jibu hili lote kabla hujasema lolote nyumbani. Hizo wiki 2 si za mtu yeyote. Kliniki hatuhesabu tangu mimba ilipotunga, kwa sababu siku hiyo hakuna aiionaye. Tunahesabu tangu hedhi ya mwisho ilipoanza, siku ambayo mwanamke anaweza kuikumbuka. Kwa hiyo katika wiki 2 za mwanzo zinazoandikwa kwenye kadi, kwa kawaida mimba haijatunga bado.

Tuchukue tarehe zako. Wiki 9 kufikia 20 Juni maana yake hedhi ilianza karibu 18 Aprili. Mwenye mzunguko wa siku 28, yai lake hupevuka siku 14 hivi baadaye. Hiyo ni 2 Mei, siku uliyofika. Mwenye mzunguko mrefu zaidi huchelewa hata kupita hapo. Tena mbegu za mwanamume zaweza kuishi hadi siku 5 katika mwili wa mwanamke, kwa hiyo siku ya tendo na siku ya kutunga mimba si lazima ziwe moja. Altrasaundi nayo hufuata hesabu hiihii ya hedhi, ndiyo maana haitakupa wiki 7 unazozitafuta.

Nimeona wanawake wakirudishwa kwao na mimba changa kwa sababu ya wiki 2 hizi, na inaniuma sana. Kadi haimtaji baba, wala altrasaundi haimtaji; hiyo ni kazi ya kipimo cha vinasaba peke yake. Nenda na mkeo kliniki, mwombe mkunga akufafanulie kadi ukiwa umekaa hapo.

Nilikuwa nachoma sindano ya miezi 3, nikaacha. Hedhi haikurudi na sasa nina mimba. Nihesabu kuanzia wapi? (Mombasa)

Usibuni tarehe ili kadi ijae tu. Baada ya sindano hiyo, au wakati wa kunyonyesha, yai laweza kupevuka kabla hujaona damu yoyote. Wahi altrasaundi. Kabla ya wiki 14 watoto tumboni hukua karibu sawa, kwa hiyo kumpima mtoto kutoka utosini hadi makalioni hukosea kwa siku 5 hadi 7 tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo kimoja kabla ya wiki 24. Ukiweza, usingoje mpaka huko. Pasipo na mashine, mkunga hupapasa tumbo: mfuko wa uzazi ukifika kitovuni, ni kama wiki 20.

Altrasaundi ya wiki ya 11 ilisema 4 Septemba. Ya wiki ya 32 inasema 20 Septemba. Tarehe imebadilika? (Dodoma)

Haijabadilika. Ya kwanza ndiyo ya kushika, kwa kuwa mimba ikikua watoto hutofautiana ukubwa na kipimo cha miezi ya mwisho chaweza kukosea hata wiki 3. Ila usiishie hapo. Tarehe ikisogea mbele, maana yake kipimo kimemwona mtoto mdogo kuliko wiki zake, na huenda hakui vizuri. Mpelekee daktari majibu yote mawili, muulize wazi: "Mtoto wangu anakua?"

Nimepitiliza tarehe kwa siku 4. Mama mkwe ameniletea dawa ya mitishamba ya kuleta uchungu. Ninywe? (Kigoma)

Usinywe, dada. Dawa hizo zaweza kukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi hadi ukapasuka, mkapotea wewe na mtoto. Siku 4 si hatari peke yake, lakini nenda kliniki wakuangalie, na wiki 41 zikitimia mpange na daktari kuhusu kuanzishiwa uchungu hospitalini. Mtoto akipunguza kucheza, ukiona damu, maji yakikutoka au kichwa kikiuma sana, ondoka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.