Jikoni na Shangazi: Baga si kababu

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu kuhusu baga: "Nyama ya baga haikandwi." Barua zikafuata, nyingine za kuuliza, nyingine za kunikatalia. Leo najibu nne.

*Shikamoo Shangazi. Wanangu wanataka baga kila Jumamosi. Nanunua steki kilo moja, bucha wananisagia mara mbili iwe laini. Nyumbani natia yai, chenga za mkate, kitunguu saumu, tangawizi, giligilani na chumvi, nakanda vizuri, nailaza kwenye friji mpaka asubuhi. Nikiipika inasinyaa, inavimba katikati na inakuwa ngumu. Mdogo wao ananiambia, "Mama, hii ni kababu." Nakosea wapi?*
*Mama wa Watatu, Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Mtoto kasema kweli. Ulichopika ni kababu, na kwa viungo hivyo naamini ni kababu tamu. Nimekulia Tanga, nimekanda nyama ya kababu tangu sijafika kimo cha meza, kwa hiyo mkono wako naujua. Mpwa wangu alipomaliza darasa la saba nilipika baga 40 kwa namna hiyohiyo yako, nikazikanda usiku. Watoto walikula mkate na nyanya, nyama wakaiacha. Nilipokusanya sahani nilichukua kipande kimoja nikakibonyeza kwa kidole, kikarudi kama mpira. Iliniuma, maana nyama ilikuwa nzuri na niliigharimia.

Kababu lazima ishikane, maana inatumbukizwa kwenye mafuta mengi na isiposhikana inasambaratika. Ndiyo kazi ya yai, ya chenga za mkate, ya kule kukanda. Baga inataka kinyume chake: ukiing'ata iachie, ivunjike mdomoni, mchuzi wake utoke. Kinachoikaza kuliko vyote ni chumvi uliyoitia usiku. Chumvi ikikaa ndani ya nyama ya kusaga inaiyeyusha protini, nayo inageuka gundi. Soseji zinategemea gundi hiyo. Kwenye baga, chumvi na pilipili manga hunyunyizwa juu, pande zote mbili, wakati chuma cha chapati tayari kiko motoni.

Sasa nyama yenyewe. Steki ni nyama konda, na ng'ombe wetu wa malisho hana mafuta mengi ndani ya mnofu. Baga inataka sehemu nne za nyama kwa moja ya mafuta, yaani gramu 800 kwa 200 katika kilo. Mwambie wa bucha akupe bega au kidari, na kama kuna nundu akukatie kipande. Mafuta ya nundu ni meupe, magumu, na ladha yake hakuna mahali pengine utaipata. Simama hapo mpaka uone vyote vinaingia kwenye mashine, na umwombe asage mara moja tu. Ikipita mara mbili inakuwa uji.

Nenda asubuhi, ufikishe nyama nyumbani ingali baridi, uiweke kwenye friji nusu saa. Kwa joto la Dar mafuta huanza kulainika ukiwa bado unaongea na jirani, na mafuta yakishalainika kabla ya kufika motoni yatakutoka yote kwenye chuma. Kisha gawanya kilo katika matonge saba. Chukua tonge, lipapase kidogo kidogo liwe duara bapa, unene kama sentimita moja na nusu, upana uzidi mkate wako kwa upana wa kidole, kwa sababu itasinyaa ikiiva. Usiifinyange mpaka ing'ae. Nyufa ndogo pembeni zisikutishe, mimi hufurahi nikiziona. Halafu bonyeza katikati kwa dole gumba upate kishimo. Ule uvimbe unaoulalamikia unatokana na kingo kukaza mapema na kuisukuma nyama katikati. Kishimo kinaupa nafasi.

Chuma kiwe cha moto hasa, mafuta kidogo sana. Futa unyevu juu ya nyama kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni. Palipo na maji, nyama haipati ile rangi ya kahawia, maana maji hayapiti nyuzi 100 mpaka yaishe, na rangi ile, pamoja na harufu yake, huja kwenye joto kubwa zaidi. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyaeleza mageuzi hayo mwaka 1912, lakini kila anayechoma mishikaki anayajua kwa pua. Weka nyama, usiiguse. Utaona wekundu wa ukingo unapanda kuwa kijivu na vitone vidogo vinatokeza juu. Kama dakika nne. Geuza mara moja, upande wa pili dakika tatu au nne. Na nakuomba sana, usiikandamize kwa kijiko cha chapati. Ule mlio wa "tsss" unaoupenda ni mchuzi wako unaungua.

Kitunguu saumu, tangawizi na giligilani usivitupe. Vipondeponde na mtindi na ndimu, upake kwenye mkate. Watoto watavipata hivyohivyo.

*Shangazi shikamoo. Naishi hosteli Morogoro, nina jiko la mkaa na flampeni nyembamba. Kila nikipika baga inaungua nje, ndani mbichi. Mkate nao unalowa mpaka unakatika mkononi.*
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

Marahaba, baba. Flampeni nyembamba haihimili mkaa, inapokea joto mahali pamoja. Azima chuma cha chapati, kile kizito. Kwa baga hakuna chombo nilichokipenda zaidi. Kiache kwenye mkaa uliokwisha shika majivu, dakika kumi, ndipo uweke nyama.

Mkate: skonzi za dukani zinafaa, ila chagua zisizo tamu sana na zilizolala siku moja. Zikate katikati, upande wa ndani paka siagi kidogo, uzilaze kwenye chuma hichohicho mpaka ziwe na ganda la dhahabu. Ganda hilo ndilo kinga. Kisha panga hivi: mkate, jani la saladi, nyama, nyanya, kitunguu. Jani likae chini ya nyama lizuie mchuzi. Nyanya uikate mapema, uinyunyizie chumvi, uiache kwenye sahani itoe maji yake hapo. Ukishaitoa nyama motoni ipumzishe dakika mbili tatu kabla ya kuipandisha kwenye mkate.

*Assalaam alaykum Bibi. Mume wangu hataki baga iingie nyumbani kwetu kwa sababu ya jina. Anasema "ham" ni nguruwe. Ni kweli?*
*Umm Said, Mwanakwerekwe, Zanzibar*

Waalaykum salaam, mwanangu. Jina lake refu ni "hamburger", nalo limetoka Hamburg, mji wa bandari Ujerumani. Kwa Kijerumani ukiongeza "er" mwishoni mwa jina la mji unapata mtu au kitu cha mji huo, kama sisi tunavyosema Mtanga au Mpemba. Katika karne ya 19 mahoteli ya Marekani yaliuza nyama ya ng'ombe ya kusaga kwa jina la steki ya Hamburg, na mkate ukaja baadaye. Wajerumani wenyewe wana kitoweo kiitwacho Frikadelle, chenye yai na mkate uliolowekwa. Ukikionja utasema ni kababu ya Ugenini.

Lakini mumeo ana haki ya kuuliza kilichomo. Hotelini wengine huongeza bekoni, nayo ni nyama ya nguruwe. Nyumbani kwako nyama umeinunua mwenyewe, mchinjaji unamjua. Mpikie.

*Habari Mama. Kwenye video naona baga zinaliwa katikati zikiwa nyekundu, na steki nyekundu nimekula sana. Kuna ubaya?*
*Baba Neema, Arusha*

Nzuri, Baba Neema. Ubaya upo, na hapa sitalegeza. Kwenye kipande kizima cha steki vijidudu hukaa juu, moto unawakuta. Ukisaga, vya juu vimeingia katikati. Mwaka 1993 huko Marekani zaidi ya watu 700 waliugua kwa baga zisizoiva, na watoto wanne walifariki. Kijidudu kilikuwa aina ya E. koli inayoharibu figo, na wadogo ndio inaowaumiza zaidi.

Baga iive mpaka katikati ifike nyuzi 71. Kipimajoto cha jikoni kichomeke kwa ubavuni mpaka kifike kati. Rangi peke yake isikudanganye, nyama nyingine hugeuka kahawia kabla ya kufika hapo. Huna kipimo, ifanye iwe nyembamba, sentimita moja, uipe muda wake pande zote mbili. Ukiwa umetia nundu, hata ikiiva kabisa mchuzi utakufika kwenye kiwiko.