Usimpeleke bibi harusi Coco Beach saa 7 mchana

Ahirisha kwanza hiyo saa 7 mchana, ndipo tuzungumze mengine. Umeandika kwamba Jumamosi unawapeleka wachumba Coco Beach, ufukwe wa hapa Dar es Salaam, kwa ajili ya picha za kadi ya mwaliko, kwamba umechagua saa 7 kwa sababu ndipo wanapotoka kazini na ufukwe huwa haujajaa watu, na kwamba kabla ya siku hiyo unataka kumalizia malipo ya lenzi ya milimita 85 yenye f/1.4 (namba ya uwazi wa lenzi, ambayo ikipungua lenzi hufunguka zaidi) kwa kuwa umeambiwa ndiyo itakayokutoa kwenye kundi la wapiga picha wa pasipoti. Kisha ukauliza kuhusu mipangilio ya kamera, namna ya kuwafanya watu wasiozoea kamera walegee, bei, na programu nzuri ya kuhariri. Nilisoma nikashika kichwa, kwa sababu ukiondoa jina lako hapo juu, huo ni mpango wangu mimi wa miaka michache iliyopita, pamoja na deni lake.

Niliwapeleka wachumba mahali hapo hapo, mwanzoni mwa Machi, saa hiyo hiyo, nikiwa na lenzi ya aina hiyo hiyo niliyoinunua kwa mkopo wa kikoba, fedha ambazo zingetosha kununua pikipiki ambayo leo ingekuwa inaniletea hesabu kila jioni. Bibi harusi alikuwa na ngozi nyeusi inayong'aa, bwana harusi alivaa shati jeupe, bahari ilikuwa ya buluu, na kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera kila kitu kilionekana kizuri, jambo lisilo la ajabu, kwa maana kwenye jua kali kiasi kile mtu haoni kitu kwenye kioo hicho isipokuwa sura yake mwenyewe. Nilipozifungua picha kwenye kompyuta ndipo nilipoona nilichokifanya. Macho ya wote wawili yalikuwa yamezama gizani chini ya nyusi, vivuli vya pua vilishuka hadi midomoni, na kwenye vipaji vya nyuso na mashavu kulikuwa na mabaka meupe ambayo hayakubakiwa na rangi yoyote ndani yake. Mchanga uliokuwa mbele yao uliakisi jua hata wakakunja nyuso, kwa hiyo hata pale nuru ilipofika machoni, macho yenyewe yalikuwa yamefumbwa. Tena kwa kuwa niliifungua lenzi hadi mwisho, kila picha ilikuwa na mtu mmoja aliyeonekana barabara na mwingine aliyefifia, na bwana harusi, aliyesimama nusu hatua nyuma ya mwenzake, alitoka kama mtu aliyekwisha kubadili nia.

Hapo ningeweza kuwapigia simu, nikawaomba radhi na kurudia kazi jioni nyingine kwa nauli yangu. Badala yake nilikesha kwenye programu ya kuhariri. Niliinua vivuli ili macho yaonekane, na katika kuyainua ngozi ya yule binti ikageuka rangi ya majivu. Nikailainisha ili chengachenga zipungue, ikapoteza kila alama ya uhai. Nikaongeza wekundu ili kurudisha uhai, akaonekana ana homa. Baada ya hayo yote nikazituma. Ziliwekwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, mbele ya watu waliokuwa wanachanga fedha zao kila wiki, na shangazi wa bibi harusi akauliza, kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, kama mtoto wao alikuwa anaumwa siku ile. Mhazini hakuuliza kitu. Alinitumia tu namba ya simu ya kurudishia kianzio. Pamoja na kianzio hicho niliipoteza sendofu, kicheni pati na harusi yenyewe, ambavyo vyote vilikuwa katika makubaliano, na mpaka leo daladala ikipita karibu na ukumbi ule huwa nakumbuka ghafla kwamba nilikuwa natafuta kitu chini ya kiti.

Lililoniangusha ni jua la jiji hili, ambalo hakuna aliyenifundisha. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na jua hupita wima juu yetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu wiki ya pili ya Oktoba. Saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki ilhali jiji lipo karibu nyuzi 39, kwa hiyo jua hufika kileleni baada ya saa 6 kamili, na mwezi Machi ni kama saa 6 na nusu. Maana yake ni kwamba saa 7 mchana mteja wako anaangaziwa kutoka utosini, na paji la uso linageuka kuwa paa la macho. Usidhani kwamba kipupwe kitakuokoa, kwani hata mwezi Juni, jua linapokuwa limesogea mbali kabisa upande wa kaskazini, bado hupanda hadi karibu nyuzi 60 wakati wa mchana. London mwezi Desemba halipandi kupita nyuzi 15. Mpiga picha wa kule anaweza kutoka nje baada ya chakula cha mchana akakuta nuru ya pembeni inayomsubiri, kisha akarekodi video ya mafunzo, na sisi huku tukaimeza nzima nzima.

Yule mwalimu niliyemlipa kwa simu ili aniingize kwenye darasa lake la mtandaoni alikuwa amezimeza video hizo kabla yangu. Alitufundisha kwamba jua likiwa kali tufungue lenzi hadi mwisho ili mandhari ya nyuma iyeyuke, na mandhari ikiyeyuka hakuna atakayeangalia vivuli. Alitupa na ratiba ya kile anachokiita saa ya dhahabu, yaani ule muda wa nuru laini kabla ya jua kuzama, kana kwamba jua la huku linaondoka kwa kuaga. Kwetu hushuka karibu wima, takriban nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo kutoka kwenye nyuzi 10 hadi kuzama ni kama dakika 40, na baada ya hapo giza linaingia ndani ya nusu saa. Muuzaji wa dukani Kariakoo alimalizia kazi kwa kunihakikishia kwamba lenzi ile ni ya mchana na usiku. Kwa upande wa usiku hakukosea.

Kuhusu mchana, fanya hesabu mwenyewe kabla hujampelekea mtu fedha. Kanuni ya zamani ya enzi za filamu inasema kwamba kwenye jua kali, ukiweka f/16, kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hukaa wazi, iwe sawa na ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi nuru, mfano ISO 100 kwa 1/100 ya sekunde. Ukiteremka hatua kwa hatua kutoka f/16 hadi f/1.4 ni hatua saba, kila moja ikiongeza nuru maradufu, na kasi inayotakiwa inafika 1/12800. Kamera nyingi za bei ya kawaida zinaishia 1/4000 kwa shata ya kawaida, na kubwa zaidi 1/8000. Kwa hiyo mchana wa Coco Beach hiyo f/1.4 utakayoilipia huwezi hata kuitumia bila kichujio cheusi cha kupunguza nuru mbele yake, na kamera inayoishia 1/4000 itakurudisha kwenye f/2.8, ambayo lenzi za bei nafuu sana zinaifikia. Isitoshe, kwa lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa hadi f/1.4, ukiwa mita mbili kutoka kwa mtu, eneo linaloonekana barabara halifiki sentimita tano, na wachumba wawili hawakai ndani ya sentimita tano labda wawe wamegombana na kupatanishwa muda huo huo. Kama kamera yako ina kihisi kidogo (kile kibati cha ndani kinachopokea nuru), lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inakutosha kabisa kwa picha za sura.

Kanuni yangu ni hii, na iliniingia kwa gharama niliyokwisha kueleza: usitoe kamera kwenye begi kabla hujajua uso utatazama wapi. Ufikapo mahali, nyosha mkono mbele yako, kunja ngumi kwenye usawa wa kichwa cha mtu, kisha zunguka polepole mzunguko mzima ukiitazama ngumi hiyo. Utaona vivuli kati ya vidole vikikaza upande mmoja na kulegea upande mwingine, na utafika mahali ambapo ngumi yote ina nuru laini inayotoka mbele huku bado ina umbo. Upande uliokuwa umeuelekea wewe ndio ambao mteja ataupa kisogo, kwa maana ngumi hiyo inakutazama wewe kama yeye atakavyokutazama. Mandhari ya nyuma utaitafuta ndani ya mwelekeo huo, na kama ni ukuta wenye tangazo la mganga, basi sogeza miguu mpaka litoke kwenye picha, lakini usiugeuze uso. Watu watakucheka ukizunguka umekunja ngumi ufukweni. Mimi wameshanidhania mlevi, na askari mmoja wa kampuni ya ulinzi aliniuliza natafuta ugomvi na nani.

Ukishaielewa ngumi, jiji lote linabadilika. Baraza ya nyumba ya zamani kule Upanga, mtu akisimama ukingoni na kutazama nje, inampa anga lote kama chanzo kimoja kikubwa cha nuru bila jua kumgusa, na anga hilo linapoakisiwa kwenye shavu jeusi huleta mng'ao mpana na laini ambao hakuna programu itakayoutengeneza. Kivuli cha ghorofa za Posta kinafaa vivyo hivyo, hasa ng'ambo ya barabara kukiwa na ukuta mweupe uliopigwa jua. Mti mkubwa ni wa kuangaliwa, kwa sababu majani hupitisha madoa ya jua na huitia ngozi ukijani, kwa hiyo msogeze mtu hadi ukingo wa kivuli badala ya kumweka shinani. Na Coco Beach yenyewe inatazama mashariki, jambo ambalo kila wiki mtu anayekwenda kupiga picha za jua likizama baharini hulitambua akiwa amekwisha kulipia vipodozi. Jioni jua huzama nyuma ya miti na majengo ya upande wa barabara ya Toure. Kabla halijazama, mtu mwenye bahari nyuma yake analitazama usoni na kukunja macho. Likishajificha nyuma ya miti, ufukwe wote unakuwa kivuli kimoja kilicho wazi, na hapo unaweza kumgeuza kokote.

Katika kivuli cha namna hiyo anzia ISO 100, f/2 na 1/800, kisha pima shavu lenyewe kwa kipimo cha doa, yaani kile kinachosoma nuru ya sehemu ndogo tu, wala si picha nzima. Ukipima picha nzima, anga jeupe nyuma ya ngozi nyeusi huifanya kamera itie giza, na mara nyingi utahitaji kuongeza nuru hatua moja nzima juu ya kile kamera inachopendekeza. Akiwa amevaa shela na gauni jeupe, angalia nguo isiungue, kwani kilichoungua hakirudi, nami nina ushahidi wa kamati nzima.

Leo usiku wapigie hao wachumba, uwaambie kwamba nuru ya saa 7 itawanyima macho, na kama wanabisha, mwombe mmoja ampige mwenzake kwa simu hapo walipo mchana wa kesho. Wape miadi ya saa 10 na nusu jioni, kwa sababu watachelewa, na wewe unachokitaka hasa ni saa 11 na nusu kuendelea. Wakikataa katakata kwa sababu ya ratiba zao, wapeleke barazani, ufukwe waachie siku nyingine. Beba shuka jeupe na mtu wa kulishika ili lirudishe nuru kidogo kwenye nyuso, awe mtu mzito kiasi, maana upepo wa jioni pale hauchezi. Muuzaji wa lenzi mwambie utarudi mwisho wa mwezi.