Jibu: Hilo dodoso la "unajifunzaje" liweke chini kwanza

Mkuu, usilitoe nakala. Unataka kulitumia kuwagawa wagonjwa wa kisukari mafungu matatu, "wa kuona", "wa kusikia", "wa kutenda", kila fungu na somo lake, na unauliza vipeperushi viweje. Nilifanya hivyohivyo. Yalinitokea puani.

Mzee mmoja mcheshi alijaza "wa kusikia". Basi kalamu ya insulini, ile ya kujichomea dawa ya sukari, nikamfundisha kwa mdomo tu, tena kwa ufasaha, mwenyewe nikajisikia raha kujisikiliza. "Umeelewa, baba?" "Nimeelewa, sista." Akaruhusiwa.

Siku ya tisa karudishwa, midomo imemkauka, sukari imepanda hadi 27. Daktari akadhani hachomi. Nikamwambia, baba, hebu nionyeshe. Akafunga sindano, akavua kifuniko kikubwa cha nje, akazungusha dozi, akabana kalamu tumboni, akahesabu mpaka kumi kama nilivyomwagiza. Kile kifuniko chembamba cha ndani kiko palepale! Insulini ikamchuruzika hadi kwenye mkanda wa suruali. "Huwa inalowesha kidogo," akasema, "ila haiumi kabisa, mlinitisha bure." Wodini tulimchoma kwa sindano za usalama, zisizo na kifuniko hicho cha kuvua, kwa hiyo hakuwahi kukiona. Mimi nilikitaja. Kwa sauti nzuri.

Mkufunzi aliyetupa dodoso hilo semina, popote alipo, aje afue ile suruali. Mwanasaikolojia Pashler na wenzake walishachambua tafiti tangu 2008, wakakosa ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa "mtindo wake" kunamfanya ajifunze zaidi. Yeye kaja miaka baadaye na slaidi za rangirangi, akatugawia na vyeti. Changu nafunikia kikombe.

Sasa haondoki mtu kabla mikono yake mwenyewe haijafanya mbele yangu, kwa vifaa vilevile anavyokwenda navyo nyumbani. "Umeelewa?" nimeacha kuuliza, maana kila mtu ameelewa. Nasema: "Nataka kujua kama nimefundisha vizuri, hebu choma sponji hii." Akikosea narudia, naye anarudia. Ukitaka kumpimia somo, angalia kama macho yanaona namba za dozi, kama anasikia, anasoma, vidole havijafa ganzi. Hayo ndiyo ya kuulizia, si fungu.

Yule mzee nilimrudisha kwenye kalamu mara tatu. Ya tatu akaruka: "Kumbe inauma!"