Hilo ni jipu la tezi, si kupe

Umeuliza kama uvimbe chini ya taya ya mbuzi wako umeletwa na kupe, kama sindano itaumaliza, na kama punda wako ataambukizwa. Hapana, uvimbe wa namna hiyo si wa kupe, na sindano peke yake haiumalizi. Ni jipu la tezi, linaletwa na bakteria aitwaye Corynebacterium pseudotuberculosis. Lina ganda nene, dawa haipenyi vizuri; utadhani kapona, kumbe baada ya miezi linaota tena, au linatokea mbele ya bega. Nilipokuwa nafuga Pongwe, la kwanza nililiacha lipasuke lenyewe bandani. Usaha mzito, kijani-kijani, kama dawa ya meno. Ukaingia kwenye hori na kwenye udongo, ambako bakteria huyu hukaa miezi, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Mtenge mbuzi wako sasa hivi, daktari wa mifugo alipasue jipu mbali na banda, usaha uchomwe moto. Glavu lazima, maana na binadamu huambukizwa, japo ni nadra. Punda wako usimhofie sana, aina inayoshika farasi na punda ni nyingine. Ila ukibonyeza uvimbe ukakuta pana maji tu, na ndani ya kope pamepauka, hapo shuku minyoo.