"Riseti ruta": neno moja, vitendo viwili

Swali

"Assalaamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni mkaazi wa Wete. Nyumbani kwa ami yangu, Konde, wamefungiwa intaneti, na ruta, yaani kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, ililetwa pamoja na karatasi ya maelezo ya Kiswahili. Karatasi hiyo inasema: 'Mtandao ukisumbua, riseti ruta.' Mtandao uliposumbua, ami alichukua sindano akabonyeza kitufe kilichomo ndani ya kitundu nyuma ya ruta, na tangu saa ile intaneti ilipotea kabisa mpaka fundi aliporudi. Sasa nimeombwa niwaandikie maelezo mapya yatakayofahamika. Je, kosa lilikuwa la ami au la maneno? Nitumie 'kuseti', 'kusanidi' au 'kuweka mipangilio'? Niandike 'paswedi', 'nywila' au 'neno la siri'? Na ruta ni 'hii' au 'hili'?"

Jibu

Waalaykumu salaam. Kosa lilikuwa la maneno. Ami yako alitenda kile alichoandikiwa, tena kwa uangalifu, kwani kitundu kile ndicho kilichochapishwa pembeni yake jina linalofanana na neno aliloliona kwenye karatasi. Aliyestahiki kulaumiwa ni mwandishi aliyechukua neno la mazungumzo ya mafundi na kulitia katika maelezo ya watu wa nyumbani bila ya kujiuliza wao watalifahamu vipi.

Katika mazungumzo ya kila siku, Unguja na Pemba, "kuriseti" kunatumika kwa vitendo viwili visivyofanana. Cha kwanza ni kuizima ruta, kungoja kidogo na kuiwasha tena. Ruta ikizimwa, kumbukumbu yake ya muda husafika na shughuli zilizokwama hukatika. Lakini jina la mtandao, neno la siri na taarifa za akaunti ya mteja hubakia, kwa sababu huhifadhiwa mahali pasipotegemea umeme. Cha pili ni kukibonyeza kile kitufe cha ndani kwa muda, aghlabu sekunde 10 hivi, mpaka taa zote zibadilike. Hapo ruta husahau kila ilichoambiwa tangu siku ilipotoka kiwandani. Kama kampuni inayotoa huduma ilikuwa imetia ndani yake jina la akaunti na neno la siri la mteja, navyo vimefutika, na ndiyo maana taa zinaweza kuwaka vizuri na intaneti isiwepo. Kitufe hicho kimefichwa ndani ya kitundu makusudi ili mtu asikibonyeze kwa bahati mbaya, na karatasi mliyopewa imeuondoa ulinzi huo kwa neno moja.

Kwa kitendo cha kwanza Kiswahili hakina upungufu wowote. Wako wanaopendelea "kuwasha upya", na si kosa, ila kwa wazee wako ningependa uviandike vitendo vyote kwa mfuatano wake: "Zima ruta, ungoje nusu dakika, kisha uiwashe." Utaona kwamba kitenzi cha mwanzo kimekaa katika hali ya kuamrisha, na vinavyofuata vikachukua kiambishi cha nafsi na kuishia kwa "e" pale vinapokubali. Huo ndio mwendo wa asili wa maagizo yanayofuatana katika lugha yetu; tunasema "njoo ukae", "nenda ukamwite", na hatusemi "nenda, mwite" isipokuwa tuna haraka. Maelezo mengi ya vifaa siku hizi yamejaa amri zilizokatwakatwa, "Zima. Ngoja. Washa.", na msomaji hapati kujua ni lipi linategemea lipi.

Kitendo cha pili ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi. Tafsiri inayozagaa katika simu na vifaa vingine ni "kurejesha mipangilio ya kiwandani". Kisarufi haina ila, lakini mimi siipendi kwa maelezo ya nyumbani, na sababu yangu ni maana ya kitenzi chenyewe. Kurejesha ni kukirudisha kilichoondoka au kilichopotea: mtu hurejesha amana, hurejesha kitabu cha skuli, hurejesha heshima yake. Mtu aliyepotelewa na mtandao akisoma "rejesha mipangilio", atadhani hiyo ndiyo dawa aliyokuwa akiitafuta, kumbe anakwenda kuvipoteza hata vile vilivyobakia. Andika "kufuta mipangilio yote". Kitenzi "kufuta" kinabeba onyo ndani yake, na atakayekisoma atasita kabla ya kuchukua sindano. Halafu uongeze waziwazi: "Usikibonyeze kitufe kilichomo ndani ya kitundu ila fundi akikwambia."

Sasa nije kwenye "kuseti", "kusanidi" na "kuweka mipangilio". "Kuseti" kunaeleweka mdomoni, na umbo lake limekaa kama vitenzi vingine vya kukopa vinavyoishia kwa "i", mfano wa kurekodi na kuripoti. Hata hivyo, katika maandishi kunakosa mipaka: fundi anaposema "nimeiseti", hujui kama ameichomeka kwenye umeme, ameibadilisha jina la mtandao au ameiunga na kampuni ya huduma. "Kusanidi" ni neno la wataalamu, nalo lina sifa ya kuzaa maneno mengine kwa urahisi: usanidi, kusanidiwa, msanidi. Tatizo ni kwamba wanaotengeneza programu nao huitwa wasanidi programu, hivyo neno hilohilo linabeba maana ya kuunda na maana ya kurekebisha kilichokwisha undwa. Katika kitabu cha mafunzo ya ufundi lina nafasi yake, kwa sharti kwamba mwandishi alieleze mwanzoni. Katika karatasi ya Konde halina.

Kwa hivyo chagua "mipangilio". Neno hili linatokana na kupangilia, yaani kukiweka kila kitu mahali pake kwa utaratibu, na watu wamekwisha kulizoea kwa kuliona katika simu zao. Lina umoja wake pia, "mpangilio", kwa hivyo unaweza kusema "mpangilio huu usiuguse". Usilibadilishe kuwa "mipango", kwani hiyo ni mambo mtu anayoyakusudia baadaye. Wala usiseme "kupanga ruta", maana kwetu mtu hupanga nyumba kwa kuilipia kodi, na msomaji anaweza kufahamu kuwa kifaa ni cha kukodi. Tofautisha nyakati: mara ya kwanza fundi "anaweka mipangilio", baadaye wewe "unabadilisha" mpangilio mmojawapo. Na kazi ya kukigongomea kifaa ukutani na kuvuta waya iite "kufunga", kama tunavyofunga feni na taa.

Kuhusu siri, maneno yote uliyoyataja yanatumika, na "nenosiri" pia, ila "nywila" bado ni geni kwa wazee wengi. "Neno la siri" halihitaji kuelezwa. Lakini nakuomba uzingatie jambo lililo zito kuliko uchaguzi huo. Ruta ina maneno ya siri mawili. Moja ni la kila mwenye simu anayetaka kutumia mtandao wa nyumba. La pili ni la yule tu anayetaka kufungua ukurasa wa mipangilio. Mtu akisema "paswedi ya ruta", kile kihusishi "ya" hakionyeshi ni lipi, kwa sababu katika Kiswahili "-a" ya uhusiano inaweza kubeba umiliki, mahali, kazi na mengineyo. Hapa tuna chombo kizuri sana katika lugha yetu, nacho ni kauli ya kutendea. Tunasema kisu cha kukatia, maji ya kuogea, chumba cha kulalia. Basi sema "neno la siri la kujiungia na mtandao" na "neno la siri la kufungulia mipangilio", na hapatakuwa na wa kuyachanganya. Hilo la pili mara nyingi huchapishwa kwenye kibandiko chini ya ruta, na katika ruta nyingi za zamani lilikuwa neno lilelile kwa vifaa vyote vya aina moja, jambo linalofanya iwe lazima kulibadilisha mapema.

Unapoeleza namna ya kulitunga neno la kujiungia, usiandike "liwe na herufi zisizopungua 8". Herufi ni a, b, ch na wenzake; namba si herufi, na alama ya mshangao si herufi. Msomaji makini atakutii na kuacha kutia namba. Kanuni ya usalama inayotumika katika ruta nyingi za nyumbani, WPA2, inataka neno lenye urefu wa kuanzia 8 hadi 63, likichanganya herufi, tarakimu na alama upendavyo. Hivyo andika "herufi, tarakimu au alama zisizopungua 8". Taja pia kuwa herufi kubwa na ndogo zinahesabiwa kuwa mbalimbali: "Konde" na "konde" ni maneno mawili machoni pa ruta.

Huenda ukasita kuandika "tia neno la siri", ukidhani "tia" ni ya mitaani na "ingiza" ndiyo ya vitabuni. Usisite. Kutia ni kuweka kitu ndani ya kingine, tunatia chumvi, tunatia sahihi, tunatia nanga, na Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Anayesema "tia" hajatoka nje ya usanifu.

Ukurasa wa mipangilio hufunguliwa kwa anwani, aghlabu 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na iliyo sahihi kwa kifaa chenu imeandikwa kwenye kibandiko. Isomwe kwa "nukta", si kwa "koma", kwa sababu atakayesomewa kwa simu ataandika alama atakayoisikia. Ongeza maneno machache kwamba anwani iandikwe kwenye nafasi ya anwani iliyo juu ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, si kwenye kisanduku cha kutafutia, na kwamba simu iwe imekwisha jiunga na mtandao wa nyumbani. Kusema "ingia kwenye ruta" si vibaya, ila "fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta" humwambia mtu atakachokiona. Simu nayo huungwa "na" ruta, na mtu hujiunga "na" mtandao. "Unganisha kwa ruta" ni lugha ya tafsiri, kwani "kwa" hapo humfanya msomaji afikiri kuwa ruta ni kifaa cha kuungia vitu vingine viwili.

Yako maneno mawili ambayo hukuyauliza lakini yatakukabili. La kwanza ni "masafa". Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri kuliko ya 5, nayo ya 5 huenda kwa kasi zaidi kwa aliye karibu. Katika nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, zenye kuta nene, tofauti hiyo huonekana kati ya chumba kimoja na cha pili. Sasa, "masafa" katika redio ni idadi ya mitetemo ya mawimbi, na katika safari ni umbali. Ukiandika kwamba ya 5 yana "masafa makubwa", mmoja atafahamu mitetemo na mwengine atafahamu kuwa yanafika mbali, na huyu wa pili atakuwa amepotoshwa. Andika "masafa ya mawimbi" kwa la kwanza na "umbali" kwa la pili, kila mahali, bila ya kubadilisha.

La pili ni "waifai". Wengi huliandika "wifi", na hapo hugongana na jina la jamaa. Majina ya ukoo huchukua "yangu", kama mama yangu na shangazi yangu, kwa hivyo "wifi yangu" kwenye karatasi ni dada wa mume na ni mtandao pia, mpaka kitenzi kifike na kusema "amekuja" au "imekuja". Tahajia ya "waifai" inauondoa utata huo tangu mwanzo, tena inafuata matamshi yetu.

Limebakia swali la ngeli. Sema "ruta hii" na "ruta hizi". Majina ya vifaa vilivyotufikia pamoja na majina yao kwa kawaida huingia katika ngeli ya I-ZI: redio hii, simu hii, televisheni hii, kompyuta hizi. "Ruta hili" kutamfanya msikilizaji afikiri unakitaja kifaa kwa ukubwa wake, kama tunavyosema "jumba hili". Ukikutana na "kipanga njia" au "kisambaza data" katika tafsiri za programu, ni kifaa hichohicho, na hapo utatumia KI-VI: kipanga njia hiki, vipanga njia hivi. Kati ya hayo mawili, "kipanga njia" limeikaribia zaidi kazi yenyewe, kwani ruta huamua kila data ipitie wapi hata kwa kompyuta iliyoungwa kwa waya. Lakini kwa watu wa Konde, wanaosema "ruta" kila siku, andika ruta.