Propela ya ndege ndogo ya kujijengea: idadi ya mapanga iache mwisho

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote. Ndege ya kiti kimoja, bawa juu, injini Rotax 503 ya kabureta mbili, giaboksi aina ya B yenye uwiano wa 2.58, na unatarajia kusafiri kwa kilomita 90 hivi kwa saa. Unauliza kama uchukue propela ya kaboni ya mapanga matatu unayoshawishiwa dukani, au ile ya mbao ya mapanga mawili. Mimi na rafiki yangu tulijenga ndege ya namna hiyo huko Pwani, baadaye tukaihamishia Arusha, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyafanya kwa mikono yangu.

Idadi ya mapanga iweke kando kwanza. Ndege yako ni ya mwendo mdogo, na ndege kama hiyo hupata msukumo mzuri ikisukuma hewa nyingi taratibu kuliko hewa kidogo kwa kasi. Unataka kipenyo kikubwa na mizunguko michache, na ndiyo sababu ya giaboksi kuwepo: inapunguza mizunguko ya injini kabla haijafika kwenye propela. Injini inatoa nguvu zake zote, hospawa karibu 50, ikiwa kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika. Gawanya kwa 2.58, propela inazunguka 2,520. Kwa kipenyo cha mita 1.73, ambacho dukani wanakiita inchi 68, ncha ya panga inakwenda mita 228 kwa sekunde, yaani theluthi mbili ya kasi ya sauti. Hapo pazuri. Ncha ikikaribia kasi ya sauti, nguvu nyingi inaishia kwenye kelele. Panga la tatu lina maana pale kipenyo kinapobanwa na ardhi au na boriti ya mkia. Linapunguza mtetemo pia, hilo ni kweli, ila kama nafasi ipo, mawili yanatosha na yanafanya kazi vizuri zaidi.

Sasa jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote, na watu wengi hawaliulizi: momenti ya inesha, yaani ugumu wa propela kubadilishwa kasi yake ya kuzunguka. Giaboksi B mwisho wake ni 3,000 kwa kipimo cha kilo-sentimita za mraba. Ile ya C inabeba 6,000. Uzito ulio mbali na kitovu unahesabiwa kwa mraba wa umbali wake, kwa hiyo propela mbili zenye kilo sawa kwenye mizani zinaweza kutofautiana sana hapa. Injini ya tu-stroki kama yako ikiwa sailensa, yaani inaunguruma taratibu bila kukanyagiwa mafuta, inazunguka kwa kushtuka-shtuka, na propela yenye ncha nzito inagonga meno ya gia kila mshtuko. Mwambie muuzaji akupe namba hiyo kwa maandishi. Kama hana, kaboni hiyo usiifunge kwenye giaboksi B, hata iwe nzuri vipi kwa macho.

Ukishapata kipenyo, nenda kwenye mwinamo, yaani umbali ambao panga lingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa isingeteleza. Mwinamo wa sentimita 80 kwa mizunguko 2,520 ni kilomita 121 kwa saa kwenye karatasi. Angani utapata pungufu ya hapo. Kwa ndege yako hiyo ni sehemu nzuri ya kuanzia. Mwinamo mkali mno ni kama kuondosha daladala lililojaa abiria kwa gia ya tatu.

Jibu la mwisho linatoka kwenye kipimo. Funga mkia wa ndege kwenye mti au nguzo imara, weka vizuizi magurudumuni, asisimame mtu yeyote kwenye mstari wa mapanga, kisha fungua moto wote, yaani mafuta hadi mwisho. Ikiwa imefungwa hivyo, tafuta mizunguko ya injini 6,000 hadi 6,200. Angani, ukienda sawa kwa moto wote, iwe 6,500; isipite 6,800. Propela ambayo mwinamo wake unarekebishwa ndege ikiwa ardhini ndiyo inayokusaidia hapa. Kwetu kugeuza pembe ya panga kwa nyuzi moja kulibadilisha mizunguko 200 hivi.

Tazama pia joto, kwa sababu kwenye tu-stroki propela ni sehemu ya tyuningi ya kabureta. Mwinamo ukiwa mdogo, injini haina mzigo wa kutosha, na joto la moshi wa ekzosi linapanda mno ukiwa kwenye moto wa kati. Ukiwa mkubwa, moshi unapoa lakini kichwa cha silinda kinachemka. Pande zote mbili pistoni inaweza kunata, na hiyo hutaki ikukute juu ya miti. Kwa hiyo kila ukigusa mwinamo, soma geji zote upya kabla ya kugusa jeti, yaani vitundu vya kabureta vinavyopima mafuta.

Kuhusu Arusha: kwenye mita 1,400 hewa ni nyepesi kwa asilimia kama 13 kuliko usawa wa bahari, na mchana wa nyuzi 28 pengo linakaribia moja ya tano. Takometa, yaani geji ya mizunguko, inaweza isikuonyeshe tofauti kubwa, maana injini inadhoofika na propela nayo inakuwa nyepesi kuzungusha. Msukumo ndio uliopungua. Usiamini takometa peke yake. Pima umbali wa kuruka. Jeti za kabureta nazo zitataka kupunguzwa, kwa kuwa mafuta yanazidi hewa.

Ukichagua mbao, ambayo ndiyo ningechukua mimi, jua kwamba inashikwa na mbano wa boliti kwenye flanji, yaani sahani ya chuma inayofungiwa propela. Mbao iliyokaa kwenye unyevu wa Pwani ikienda sehemu kavu inasinyaa, na boliti zinalegea bila kuonekana. Ikicheza hapo, kitovu kinaungua kwa msuguano. Zetu tulizikuta zimelegea. Zipime kwa spana ya torki baada ya saa za mwanzo na kila msimu unapobadilika. Ndege ikipaki, acha panga limelala mlalo ili unyevu usishukie upande mmoja.

Kabla hujalipa chochote, pima kutoka katikati ya flanji hadi chini ukiwa umekaa ndani na tangi limejaa. Acha sentimita 18 chini ya ncha kama una gurudumu la pua, 23 kama ni la mkia. Niandikie kipimo hicho hapa, pamoja na nafasi iliyopo hadi kwenye boriti, tuhesabu kipenyo.